Cheti ni cha lori moja: Kipimo kinachokosekana katika biashara ya mahindi mpakani

Machi 5, 2021, malori ya mahindi yaliyokuwa yakielekea Kenya kutoka Tanzania na Uganda yalijikuta hayana pa kwenda. Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliwaandikia watu wa forodha kwamba uingizaji wa mahindi kutoka nchi hizo mbili usimame, kwa kuwa vipimo vilionesha sumukuvu iliyopita kiwango kinachoruhusiwa. Siku chache baadaye zuio liliondolewa, lakini kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, kila mzigo uwe na cheti kinachoonesha kuwa sumukuvu iko chini ya kiwango, na asili ya mahindi ijulikane.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2023, yakawa ya Sudan Kusini. Malori ya nafaka na unga kutoka Uganda yalizuiwa upande wa Nimule kwa sababu hiyo hiyo. Madereva walilala chini ya magari yao, na wenye mali wakahesabu hasara kwa siku.

Katika visa vyote viwili mjadala ulikuwa kama ule ule. Upande mmoja ulisema mzigo ni mbaya. Upande wa pili ulisema mzigo ni mzuri na nyuma ya zuio kuna siasa. Kilichokosekana ni ushahidi wa aina ya tatu, ambao si wa lori moja wala wa tamko la waziri: rekodi inayoonesha kwamba mfanyabiashara huyu, kwa namna anavyonunua, anavyokausha na anavyohifadhi, ana uwezo wa kutoa mahindi yaliyo ndani ya kiwango safari baada ya safari.

Wataalamu wa ubora wanauita ushahidi huo uwezo wa mchakato. Viwanda vya magari na vya vipuri vimeutumia kwa miongo mingi kuamua nani auze na nani asiuze. Katika biashara ya nafaka ya Afrika Mashariki bado ni mgeni, ingawa hesabu yake inaweza kufanywa kwa daftari na simu ya mkononi.

Kiwango kinasema nini

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina kiwango cha pamoja cha mahindi ya nafaka, EAS 2. Toleo la mwaka 2017 linasema unyevu usizidi asilimia 13.5. Sumukuvu ya aflatoksini kwa jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ile ya aina ya B1, iliyo hatari zaidi, isizidi 5 kwa bilioni.

Viwango hivyo havikuwekwa kwa ajili ya kuwasumbua wafanyabiashara. Mwaka 2004, katika maeneo ya mashariki mwa Kenya, yakiwamo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sababu ya sumukuvu na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 ugonjwa huo uliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kupika ugali hakuiondoi. Wala si tatizo la mahindi ya jirani peke yake: Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi zilizokuwa zikiuzwa madukani nchini humo.

Kwa hiyo swali kwa mfanyabiashara si kama kikomo kipo. Kipo, na kina sababu. Swali ni umbali uliopo kati ya mali yake na kikomo hicho, na kama umbali huo unatosha kubeba mabadiliko yanayotokea kati ya gunia moja na lingine.

Wawili wenye wastani mmoja

Chukulia wafanyabiashara wawili, mmoja anapakia Kibaigwa na mwingine Mbeya. Kila mmoja ana lori la tani 30, yaani magunia 300 ya kilo 100. Kila mmoja amepima unyevu wa magunia yake, na wote wawili wana wastani wa asilimia 12.9. Kwenye karatasi wako sawa. Wote wako chini ya 13.5, na wote watapata cheti.

Tofauti yao iko ndani ya lori. Wa kwanza amenunua kwa wakulima arobaini kupitia madalali watatu. Baadhi walikausha juu ya turubai kwa siku nne, wengine walianika pembeni mwa barabara nusu siku, na wengine walivuna mvua ikiwa bado inanyesha. Magunia yake yametawanyika: mengine yana 12, mengine 13, mengine yanakaribia 14. Kipimo cha mtawanyiko huo, ambacho shuleni huitwa mchepuko sanifu, ni 0.5.

Wa pili amenunua kwa kikundi kimoja chenye ghala. Mahindi yalipukuchuliwa, yakakaushwa pamoja, yakapimwa kabla ya kufungwa. Magunia yake yanafanana. Mtawanyiko wake ni 0.15.

Ikiwa vipimo vimejipanga kwa namna ya kawaida, vingi vikiwa karibu na wastani na vichache pembeni, hesabu inatoa picha mbili tofauti kabisa. Kwa wa kwanza, takriban magunia 35 kati ya 300 yana unyevu uliozidi 13.5. Kwa wa pili, litapatikana gunia moja la namna hiyo katika malori kama mia moja. Wastani wao ni mmoja, na karatasi zao zinafanana.

Kwa nini hili lisionekane mpakani? Kwa sababu mkaguzi huchoma bambo katika magunia kadhaa, huchanganya punje na kupima mchanganyiko. Mchanganyiko ni wastani, na wastani huficha magunia mabichi. Lakini ukungu hauoti kwenye wastani. Unaota ndani ya gunia lile lenye unyevu, safarini na ghalani, kisha unasambaa kwa majirani zake. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Na mwenye kinu akichoma bambo lake mwenyewe siku ya kupokea, akaangukia magunia yale 35, lori linageuzwa likiwa na cheti chake mkononi.

Namba inayobeba yote mawili

Ili kuunganisha wastani na mtawanyiko katika namba moja, viwanda hutumia kipimo kinachoandikwa Cpk. Kwa unyevu, wenye kikomo cha juu pekee, hesabu yake ni fupi. Chukua kikomo, toa wastani. Jibu ligawe kwa mara tatu ya mtawanyiko.

Kwa mfanyabiashara wa kwanza: 13.5 kutoa 12.9 ni 0.6. Mara tatu ya 0.5 ni 1.5. Ukigawa, unapata 0.4. Kwa wa pili: 0.6 kugawa kwa 0.45 ni 1.33.

Namba 1 maana yake ni kwamba nafasi kati ya wastani na kikomo inalingana sawasawa na upana wa mtawanyiko wa kawaida, bila akiba. Chini ya 1, mali inavuka kikomo mara kwa mara. Viwanda vingi huanza kuridhika na msambazaji anapofikia 1.33, na kwa sehemu nyeti kama breki za gari huomba 1.67. Panapokuwa na vikomo viwili, cha juu na cha chini, kama kwenye uzito wa pakiti za unga, hesabu hufanywa kwa kila upande na jibu dogo ndilo linaloripotiwa.

Faida ya namba hii inaonekana pale mfanyabiashara wa kwanza anapotaka kujirekebisha. Ana njia mbili. Ya kwanza ni kukausha zaidi hadi hata magunia yake mabichi yashuke chini ya 13.5. Kwa mtawanyiko wa 0.5, ili afikie 1.33 itabidi wastani wake ushuke hadi 11.5. Maji yanayotoka ni uzito unaopotea: lori la tani 30 litapungua kilo zipatazo 475, karibu magunia matano, kila safari. Mnunuzi halipi bei ya juu kwa sababu mahindi yamekaushwa kupita kiasi, hivyo hasara ni ya muuzaji.

Njia ya pili ni kupunguza mtawanyiko: kupima kila mzigo mdogo unapopokelewa kwa mkulima, kutenga mabichi, kuyakausha peke yake, na kuyachanganya yakiwa yamelingana. Akifikia mtawanyiko wa 0.15, anabaki na wastani wake wa 12.9 na uzito wake wote. Magunia hayo matano kila safari ndiyo yanayoweza kununua kipima unyevu na turubai.

Hesabu ya daftari

Asili ya fikra hii ni kiwanda cha simu. Mwaka 1924 mtaalamu wa Marekani Walter Shewhart, akifanya kazi na kampuni ya Western Electric, alichora chati ya kwanza ya kutenganisha mabadiliko ya kawaida ya kazi na mabadiliko yenye chanzo maalumu. Mwaka 1950 W. Edwards Deming aliwafundisha Wajapani mbinu hizo, na viwanda vyao vikazifanya kuwa desturi. Zama hizo hapakuwa na kompyuta juu ya meza ya msimamizi, hivyo mbinu zilitengenezwa ziweze kufanywa kwa penseli.

Njia moja ya penseli inafaa ghalani hadi leo. Kwa kila lori, mfanyabiashara huchagua magunia matano bila upendeleo: la juu, la chini, la katikati, la mbele na la nyuma. Anapima unyevu wa kila moja na kuandika namba tano. Anatoa ndogo kutoka kwenye kubwa. Tofauti hiyo anaiandika pembeni. Baada ya malori 20 anatafuta wastani wa tofauti zile na kuugawa kwa 2.33. Jibu ni makadirio ya mtawanyiko wake.

Tuseme wastani wa tofauti ni 0.7. Ukigawa kwa 2.33 unapata 0.3. Ikiwa wastani wa vipimo vyote 100 ni 12.6, basi 13.5 kutoa 12.6 ni 0.9, na mara tatu ya 0.3 ni 0.9. Uwezo wake ni 1. Kwa lugha ya sokoni, gunia moja bichi katika kila malori mawili au matatu. Si vibaya, lakini hana akiba.

Kinachohitajika zaidi ni chombo cha kuaminika. Wengi hutumia njia ya chumvi: punje na chumvi kavu huwekwa kwenye chupa, hutikiswa, na chumvi ikigandia kwenye kioo mahindi ni mabichi. Njia hiyo inasaidia kumzuia mtu asinunue mahindi ya unyevu wa asilimia 15 na zaidi. Haiwezi kutenganisha 13 na 14, na mpaka uko hapo hapo katikati. Kipima unyevu nacho hudanganya kisipohakikiwa. Si ajabu vipima viwili vya mkononi kutofautiana kwa nusu asilimia juu ya gunia lile lile. Kwa mfanyabiashara mwenye akiba ya 0.6, nusu asilimia ni karibu akiba yake yote. Kabla ya kubishana na mkaguzi kuhusu mahindi, inafaa kujua kama wanabishana kuhusu vipima.

Pale namba inapopambwa

Hapa ndipo kuna mtego, na wanunuzi wazoefu wanaujua. Mtawanyiko uliopatikana kwa njia ya magunia matano ni wa ndani ya lori. Hausemi lolote kuhusu tofauti kati ya lori la Juni na lori la Septemba. Mfanyabiashara anaweza kuwa na malori ambayo kila moja limelingana vizuri, lakini lori la leo lina wastani wa 12.2 na la wiki ijayo 13.1.

Ukichukua vipimo vyote 100 vya mfano uliotangulia na kutafuta mtawanyiko wake kwa pamoja, unaweza kukuta si 0.3 bali 0.45. Hapo hesabu inabadilika: 0.9 kugawa kwa 1.35 ni 0.67. Badala ya gunia moja katika malori mawili au matatu, ni magunia kama saba katika kila lori.

Wataalamu huyapa matokeo hayo majina mawili. La kwanza ni uwezo, yaani kile ambacho kazi ingeweza kutoa kama isingeyumba. La pili, linaloandikwa Ppk, ni utendaji, yaani kile ambacho mteja amepokea kweli katika kipindi chote. Zote mbili ni namba halali. Udanganyifu huanza pale muuzaji anaporipoti ya kwanza na kunyamazia ya pili. Mnunuzi mwerevu huuliza zote, kisha huangalia pengo kati yake. Pengo kubwa linamwambia kwamba huyu anajua kazi, ila kazi yake haijatulia.

Na kazi isiyotulia haina uwezo unaoweza kutabiriwa. Ikiwa wastani ulipanda ghafla tangu dalali mpya aanze kuleta mzigo, au tangu mvua za vuli zianze, namba iliyokokotolewa kwa kuchanganya kabla na baada haisemi ukweli kuhusu kabla wala baada. Kwanza chanzo kipatikane na kiondolewe, ndipo uwezo uhesabiwe.

Mtego wa pili ni uchache wa vipimo. Mtu aliyepima magunia 30 akapata Cpk ya 1.33 anaweza kujisifu kuwa amefika. Lakini kwa vipimo 30 tu, uwezo wake halisi unaweza kuwa popote kati ya 0.97 na 1.69, kwa uhakika wa asilimia 95. Huenda ni hodari, huenda ni wa kawaida. Ndiyo maana namba isiyotaja idadi ya vipimo haifai kuwekwa kwenye mkataba.

Sumukuvu ina kanuni zake

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa na kusema sumukuvu nayo ihesabiwe hivyo hivyo. Haiwezekani, na anayefanya hivyo anajidanganya.

Unyevu husambaa kwa ulinganifu fulani ndani ya gunia. Sumukuvu haifanyi hivyo. Katika mzigo wenye tatizo, punje nyingi huwa safi na chache hubeba sumu nyingi mno. Bambo likizikosa punje hizo, maabara itasema mzigo ni salama. Likizikuta, maabara itasema mzigo ule ule haufai. Kosa kubwa zaidi katika vipimo vya sumukuvu hutokana na namna sampuli ilivyochukuliwa, kabla haijafika maabara. Hili linaeleza kwa nini mfanyabiashara hupata cheti safi upande mmoja wa mpaka na kushindwa upande wa pili, bila afisa yeyote kuwa amedanganya.

Vipimo vya namna hiyo, vingi vikiwa chini kabisa na vichache juu sana, haviingii katika hesabu ya Cpk ya kawaida. Namba itatoka, lakini haitakuwa na maana. Njia ya uaminifu ni kuhesabu mizigo: ni mingapi ilipimwa, ni mingapi ilifaulu.

Hata hapo kuna tahadhari. Mfanyabiashara aliyepitisha mizigo 30 kati ya 30 ana rekodi nzuri, lakini haijathibitisha kwamba hashindwi kamwe. Wanatakwimu wana kanuni nyepesi: ukiwa hujashindwa hata mara moja, gawa 3 kwa idadi ya vipimo. Kwa mizigo 30 jibu ni asilimia 10. Maana yake, kwa uhakika wa asilimia 95, kiwango chake cha kushindwa hakizidi mmoja kati ya kumi. Kwa mizigo 60, hakizidi asilimia 5. Ili kudai kuwa hakizidi asilimia 1, anahitaji mizigo 300 safi mfululizo.

Mizigo 300 ni mingi kwa mchuuzi mmoja. Kwa chama cha wafanyabiashara wanaonunua katika wilaya moja na kufuata utaratibu mmoja, ni kazi ya misimu michache. Rekodi ya pamoja inaweza kujenga jina ambalo mtu mmoja hawezi, ilimradi kila mwanachama akubali kwamba mzigo wake ukishindwa, utaandikwa.

Wala unyevu pekee si kinga. Kuvu wa sumu huanza shambani, hasa ukame unapoyabana mahindi kabla ya kukomaa. Kukausha vizuri huzuia sumu isiongezeke, lakini hakuondoi iliyokwisha kuingia. Ndiyo maana rekodi inayofaa hufuata mzigo hadi kijijini: ulitoka kwa nani, ulivunwa lini, ulilala chini au juu ya turubai. Masharti ya Kenya ya mwaka 2021 kuhusu asili ya mzigo yalionekana kama usumbufu. Kwa anayetaka kujua ni wapi tatizo linaanzia, ndiyo taarifa yenye thamani kuliko zote.

Ripoti ya ukurasa mmoja

Mnunuzi wa Nairobi, Juba, Kigali au Bukavu hahitaji somo la takwimu. Anahitaji ukurasa mmoja unaojibu maswali yake. Kikomo kilichotumika ni kipi, na cha kiwango gani? Vilichukuliwa vipimo vingapi, katika malori mangapi, kuanzia lini hadi lini? Magunia yalichaguliwaje? Kipima kilihakikiwa lini na nani? Wastani ni upi, mtawanyiko ni upi, na namba ya juu kabisa iliyowahi kupatikana ni ipi? Uwezo ni kiasi gani na utendaji ni kiasi gani? Kwa sumukuvu, mizigo mingapi ilipimwa, mingapi ilishindwa, na iliyoshindwa ilipelekwa wapi?

Swali la mwisho ndilo linalotenganisha ripoti na tangazo. Rekodi isiyo na mzigo hata mmoja ulioshindwa katika miaka mitatu ya kununua kwa wakulima wadogo humfanya mnunuzi makini aulize zaidi. Rekodi inayosema mzigo fulani ulikataliwa ghalani, ukarudishwa au ukateketezwa, na chanzo kikajulikana, inaaminika.

Serikali nazo zina deni

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya viwanda vikubwa, na kwamba mama anayevusha magunia manne Busia au Mutukula hana muda wa kuhesabu mtawanyiko. Ni kweli. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo wa Jumuiya, kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ulianzishwa kwa ajili yake, na haufai kujazwa karatasi mpya. Lakini mama huyo hununua kwa mtu na huuza kwa mtu. Ghala analonunulia likiwa na rekodi, naye analindwa. Kinachohitajika ni kipima kimoja kilichohakikiwa sokoni, chenye mtu wa kukitumia.

Wapo pia watakaosema kwamba mipaka hufungwa kwa sababu za kisiasa, na hakuna namba itakayoifungua. Nao wana hoja. Bei za ndani na msimu wa mavuno havikosi kuwa na sauti katika maamuzi ya namna hiyo. Hata hivyo, zuio la nchi nzima hupata nguvu pale ambapo hakuna njia ya kumtenga mwenye mali safi na mwenye mali chafu. Ikiwa wote hawana rekodi, wote hufungiwa pamoja.

Sheria ya msingi ipo tangu mwaka 2006, pale Jumuiya ilipopitisha sheria ya viwango, uhakikisho wa ubora, vipimo na upimaji, inayotaka alama za ubora za nchi mwanachama zitambuliwe na nyingine. Vituo vya forodha vya pamoja kama Namanga, Malaba na Rusumo vimewaweka maafisa wa pande mbili chini ya paa moja. Forodha ina mpango wa kikanda wa wafanyabiashara walioidhinishwa, ambao wenye rekodi njema hupita kwa ukaguzi mdogo. Hatua inayofuata kimantiki ni mashirika ya viwango kufanya vivyo hivyo kwa ubora: mwenye uwezo uliothibitishwa kwa misimu kadhaa akaguliwe mara chache, asiye na rekodi akaguliwe kila mara, na anayeshindwa arudi mwanzo wa mstari.

Hilo lingewapunguzia wakaguzi mzigo pia. Maabara za mipakani hupoteza saa nyingi kupima mali ya watu ambao wangeweza kujulikana, huku nafaka isiyojulikana ikipita njia za panya usiku.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakizungumzia fedha na deni, lakini methali hiyo inafaa pia kwa unyevu na ukungu. Cheti kinachotolewa leo kinaeleza hali ya lori moja siku moja, na kikishapita mpakani kazi yake imekwisha. Daftari lenye malori 20, namba tano kwa kila moja, hubaki ghalani. Siku barua nyingine kama ile ya Machi 5 itakapoandikwa, mwenye daftari atakuwa na kitu cha kuweka mezani kabla mahindi yake hayajaanza kupata joto ndani ya turubai.